Spika za kujitengenezea: kutoka dalili hadi chanzo

Gundi imekauka, spika zote mbili zimefungwa, umeweka muziki unaoujua vizuri, na sauti inayotoka siyo uliyoitarajia. Hapo wengi hukimbilia krosova, sakiti inayogawa sauti: za chini ziende kwenye wufa (spika kubwa ya besi), za juu kwenye twita (spika ndogo ya trebo). Wanafungua boksi, wanabadilisha kapasita, wanaongeza rezista, na baada ya muda hawajui tena walianzia wapi. Nakusihi usianzie huko. Krosova iwe ya mwisho kuguswa, kwa sababu makosa ya sehemu nyingine karibu yote hujifanya makosa ya krosova: waya uliogeuzwa, boksi linalovujisha hewa, spika iliyosukumwa kwenye kona.

Unayo bahati moja kubwa: umejenga spika mbili zinazofanana. Moja iwe shahidi wa nyingine. Rekebisha upande mmoja tu, kitu kimoja kwa wakati mmoja, halafu linganisha na upande ambao hukuugusa. Tumia rekodi ya mono (sauti ileile pande zote mbili), na hasa sauti ya mtu anayezungumza. Sikio husahau haraka sauti ya jana, lakini tofauti kati ya spika mbili zilizo mbele yako hulitambua papo hapo.

Kwanza jua tatizo linakaa wapi

Kama upande mmoja tu ndio una kasoro, badilisha waya kwenye amplifaya: wa kushoto uende kulia, wa kulia uende kushoto. Kasoro ikihamia kwenye boksi la pili, spika zako hazina hatia. Tafuta kwenye amplifaya au kwenye chanzo cha muziki. Ikibaki kwenye boksi lilelile, rudisha waya mahali pake, kisha hamisha maboksi yenyewe, la kushoto likae kulia. Kasoro ikibaki pale ilipokuwa ingawa boksi ni jingine, ni chumba kinachokusumbua. Ikilifuata boksi, sasa una sababu ya kuchukua bisibisi.

Hatua hizi mbili hazihitaji kifaa chochote, na huokoa saa nyingi za kulehemu bure.

Besi nyembamba, na sauti ya mwimbaji haina mahali

Kaa katikati, mbali sawasawa na spika zote mbili, ucheze sauti ya mono. Inatakiwa isikike kama inatoka kwenye nafasi tupu katikati ya maboksi. Ikiwa imetawanyika, inavuta masikio pembeni, na besi imepotea hasa ukisogeza maboksi karibu karibu, spika moja imegeuzwa chanya na hasi. Koni moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi zinafutana. Geuza waya nyuma ya spika moja tu kisha sikiliza tena. Mpangilio wa waya wenye besi nzito zaidi ndio sahihi.

Kosa likiwa ndani ya boksi, tumia betri ya volti 1.5. Gusisha chanya ya betri kwenye chanya ya wufa kwa sekunde moja: koni inapaswa kutoka nje. Ikiingia ndani, alama zimepishana au waya umelehemiwa pasipo pake. Twita usiipime hivi. Mwendo wake ni mdogo mno kuuona, na betri ikigusishwa moja kwa moja inaweza kuiumiza. Fuata waya kwa macho mpaka mwisho. Nguzo ya chanya mara nyingi ina nukta nyekundu, alama ya kujumlisha, au ulimi mpana zaidi.

Hapa kuna mtego. Krosova nyingine zimesanifiwa twita ikae kinyume makusudi. Muundo ambao Siegfried Linkwitz alieleza mwaka 1976, unaobeba jina lake na la mwenzake Russ Riley, ukiwa wa mteremko (kasi ya krosova kupunguza sauti isiyotakiwa) wa desibeli 12 kwa oktavi huhitaji twita igeuzwe, lakini ukiwa wa desibeli 24 hauhitaji. Ukiona twita zote mbili zimegeuzwa kwa namna moja, usizirudishe kabla hujaangalia mchoro. Kilicho kosa bila ubishi ni spika moja kutofautiana na mwenzake.

Waya ziko sawa, lakini besi bado haipo

Sasa shuku hewa. Kwa boksi lililofungwa kabisa, hewa iliyomo ndani ndiyo springi inayoirudisha koni. Edgar Villchur wa Marekani alijenga wazo hilo katika spika ya AR-1 ya mwaka 1954, na tangu hapo boksi dogo likaweza kutoa besi ya kina. Springi yenye tundu si springi. Sukuma koni ya wufa taratibu kwa vidole vilivyotandazwa pande zote za kifuniko cha katikati, kisha iachie. Ikirudi polepole, kama inavuta pumzi, boksi ni zima. Ikiruka mahali pake mara moja, hewa inapita mahali fulani.

Kuipata ni kazi ya subira. Cheza toni (sauti moja isiyobadilika) ya Hz 40 hadi 50, yaani mitetemo kwa sekunde, kwa sauti ya wastani, lowesha mgongo wa mkono, uupitishe polepole kwenye kila kiungo. Penye ufa utahisi ubaridi unaopigapiga, na mara nyingi utasikia mfyonzo unaoifuata toni. Anzia kwenye kikombe cha nguzo za waya nyuma ya boksi, maana hapo ndipo panapovuja kuliko kwingine, halafu chini ya ukingo wa wufa, kisha tundu la waya, na mwisho viungo vya mbao. Chini ya wufa weka utepe wa sponji ya kuziba, usiigandishe kwa silikoni, kwa sababu utahitaji kuitoa tena. Ukitumia silikoni kwenye viungo vya ndani, angalia harufu yake: ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba. Iache ikauke kabisa, boksi likiwa wazi, kabla ya kurudisha wufa na krosova.

Boksi lenye bomba la besi lina swali lake: limetunwa kwenye masafa gani? Huhitaji kifaa kikubwa kulijibu. Cheza toni, anza Hz 80, ushuke kidogo kidogo huku ukitazama koni. Mwendo utaongezeka, halafu kuna mahali utapungua ghafla, koni karibu isimame, na ukiweka kiganja mbele ya bomba utahisi hewa inatoka kwa nguvu. Hayo ndiyo masafa ya boksi lako. Ukishuka chini yake koni itaanza kuyumba sana bila kutoa sauti ya maana, kwa hiyo simama hapo. Ukipima impedansi (ukinzani unaobadilika na masafa) kwa kompyuta, mahali hapo huonekana kama bonde kati ya vilima viwili. Boksi lililofungwa lina kilima kimoja tu.

Masafa yakiwa juu kuliko mpango, refusha bomba. Yakiwa chini, lifupishe. Na kabla ya kulaumu hesabu ya bomba, rudia hesabu ya ujazo. Lita zinazohesabiwa ni zile zinazobaki baada ya kutoa wufa, mbao za kukazia, krosova na bomba lenyewe.

Besi imezidi, inavuma kwenye noti moja

Hii mara nyingi siyo spika. Chumba chenye urefu wa meta 4 kina mvumo wake wa kwanza karibu na Hz 43, kwa sababu mwendo wa sauti, meta 343 kwa sekunde, ukigawanywa kwa mara mbili ya urefu huo unakupa namba hiyo. Besi ikicheza noti iliyo karibu na hapo, chumba chenyewe kinaitikia. Cheza toni ya Hz 43 utembee chumbani: karibu na ukuta itanguruma, na katikati ya urefu wa chumba itakaribia kupotea. Kama kiti chako kimegusa ukuta wa nyuma, umekaa pale inaponguruma zaidi. Sogea mbele kidogo, na usogeze spika kutoka kwenye kona. Ikiwezekana, toa spika nje penye uwazi, mbali na kuta, uzisikilize hapo. Mvumo ukitoweka, usiguse boksi.

Kuna kasoro ya pili ya chumba inayofanana na wufa dhaifu. Sauti ya besi inazunguka nyuma ya boksi, inagonga ukuta na kurudi kinyume na ile inayotoka mbele. Ukuta ukiwa sentimeta 80 kutoka kwenye koni, shimo linachimbika karibu na Hz 107, mahali ambapo gitaa la besi na sauti nzito za kiume zina uzito wao. Hakuna kapasita itakayojaza shimo hilo. Badilisha umbali. Na umbali wa ukuta wa nyuma, wa pembeni na wa sakafu usilingane, maana mashimo matatu yakikutana mahali pamoja utasikia.

Kama mvumo unabaki hata nje, ziba bomba kwa kipande cha sponji. Ukiipenda sauti hiyo, bomba limetunwa juu mno au boksi ni kubwa kuliko wufa inavyotaka.

Sauti ni nyembamba, za kati zinapiga kelele

Kati ya dalili zote, hii ndiyo inayowavunja moyo wajenzi wengi, na chanzo chake hakionekani kwa macho. Sauti za juu, ambazo mawimbi yake ni mafupi kuliko upana wa paneli ya mbele, husukumwa zote mbele. Za chini, ambazo mawimbi yake ni marefu, hulizunguka boksi na kusambaa pande zote, kwa hiyo nusu ya nguvu haikufikii. Mpito huo hutokea karibu na namba unayoipata ukigawa 115 kwa upana wa paneli katika meta. Paneli ya sentimeta 20 inakupa Hz 575. Kutoka juu ya hapo hadi chini kabisa, tofauti kwenye uwazi ni desibeli 6.

Mtu aliyejenga krosova kwa vipimo vya mtengenezaji wa wufa, vilivyopimwa kwenye ukuta mpana, hajahesabu upungufu huu. Spika yake itasikika imekauka hata kama kila kipuri ni sahihi.

Dawa yake ni kushusha sauti za juu zilingane na besi, siyo kupandisha besi. Kwenye spika ya njia mbili, ongeza thamani ya koili iliyo mbele ya wufa ili ianze kushusha mapema, kisha shusha twita kiasi hicho hicho. Kwenye spika yenye koni moja tu ya ohm 8, weka koili na rezista zilizofungwa sambamba, zikiwa mfululizo na spika: kwa paneli ile ya sentimeta 20, mH 1 na ohm 4.7 zitashusha kama desibeli 4. Rezista iwe ya wati 10 au zaidi, kwani itapata moto.

Nimesema 4, siyo 6, kwa sababu ukuta wa nyuma hurudisha sehemu ya besi. Spika ya rafuni iliyogusa ukuta huenda ikahitaji 2 au 3 tu, na ya kusimama katikati ya chumba ikahitaji 5. Hapa ndipo shahidi wako anapofaa: funga marekebisho kwenye spika moja kwa waya za klipu, ulinganishe na ambayo haijaguswa, mono, ukibadilisha upande. Sauti ya mwanamke anayezungumza itakuambia zaidi kuliko ngoma.

Trebo kali, masikio yanachoka

Twita nyingi zina sauti kubwa kuliko wufa zinazoandamana nazo, na baada ya marekebisho ya hapo juu pengo huongezeka. Ishushe kwa rezista mbili: moja mfululizo, moja sambamba na twita. Kwa twita ya ohm 8 na desibeli 3, ya mfululizo ni ohm 2.3 na ya sambamba kama 19.4, thamani za dukani zilizo karibu zinatosha. Rezista moja ya mfululizo peke yake pia inashusha, lakini inabadilisha mzigo ambao krosova inauona, na mahali pa mpito, masafa ambapo wufa inaiachia twita, panahama pamoja nao. Nenda desibeli moja moja. Desibeli moja kwenye trebo yote inasikika wazi, tena ukiipa siku mbili za kusikiliza inasikika zaidi.

Ikiwa ukali uko mahali pamoja tu, mfano herufi "s" inakata lakini matoazi hayasumbui, twita huenda haina kosa. Wufa yenye koni ya chuma huwa na mlio wake wa juu, mara nyingi kwenye kHz kadhaa, na koili moja ya krosova haitoshi kuuzika. Vilevile wufa inapopanda masafa, ukinzani wake hupanda, na koili ya krosova inapoteza nguvu yake. Tuliza hilo kwa rezista na kapasita zilizo mfululizo, zikifungwa sambamba na wufa. Rezista ni mara 1.25 ya ukinzani unaosoma kwa mita. Kapasita ni henri za koili ya koni zikigawanywa kwa mraba wa rezista hiyo. Wufa ya ohm 5.6 yenye mH 0.5 inataka ohm 7 na µF 10. Ni vipuri viwili, na mara nyingi ukali wa sauti za kati huisha hapo.

Sauti inabadilika ukisimama

Sikiliza ukiwa umekaa, halafu simama polepole. Ikiwa piano inabadilika rangi, twita na wufa hazikubaliani kwenye mpito. Nafasi ya sentimeta 14 kati ya vitovu vyake ni sawa na wimbi zima la Hz 2450, na ukiinua kichwa, sauti hizo mbili hufika kwa nyakati tofauti. Mabadiliko kidogo hayaepukiki. Makubwa yana kipimo chake: geuza waya za twita makusudi, cheza kelele ya kupimia, usikilize usawa wa twita au upime kwa maikrofoni. Fezi zikiwa sawa, yaani mawimbi ya wufa na twita yakienda pamoja waya zikiwa za kawaida, shimo refu litatokea penye mpito, na litatoweka ukirudisha waya. Kama shimo ni la kina kifupi, au halionekani kabisa, fezi hazijakutana, na hapo ndipo hesabu ya krosova inastahili kufunguliwa. Kama shimo lilikuwepo kabla hujageuza, umeshapata kosa lako.

Kukwaruza, kutetemeka, kupuliza

Kukwaruza kunakoifuata besi ni koili ya koni inayosugua sumaku. Itoe wufa, ishike mkononi, ucheze toni ndogo. Ikiwa safi mkononi na inakwaruza kwenye boksi, umeikaza skrubu vibaya na fremu imepinda. Zirudishe kwa kukaza kidogo kidogo, ya juu kisha ya chini, ya kushoto kisha ya kulia, mpaka sponji ibanwe tu. Ikikwaruza hata mkononi, tazama chembe za chuma: sumaku huvuta vumbi la kutoboa skrubu, na chembe moja kwenye mwanya inatosha. Toboa matundu yote kabla wufa haijafika mezani.

Kutetemeka ni rahisi zaidi. Pandisha toni polepole kutoka Hz 30 hadi 300 na ubonyeze kila kitu kwa mkono. Waya wa ndani unaogusa nyuma ya koni, wavu wa mbele, koili isiyobanwa, hata fremu ya dirisha chumbani.

Kupuliza kwenye bomba kunatokana na hewa kwenda kasi mno. Kasi hiyo isizidi meta 17 kwa sekunde. Lainisha ncha zote mbili kwa duara, au tumia bomba pana. Bomba pana lina gharama yake: kwa boksi la lita 20 lililotunwa Hz 40, la kipenyo cha sentimeta 5 linataka urefu wa 14.7, lakini la sentimeta 7 linataka karibu 31. Pima nafasi ya ndani kabla ya kukata, na uiache ncha ya ndani mbali na ukuta wa nyuma.

Sauti ya "ndani ya kasha" ni kitu kingine. Boksi lenye kimo cha ndani cha sentimeta 60 lina wimbi lililosimama karibu na Hz 286, nalo hutokea kupitia koni. Sufi ya poliesta katikati ya boksi, siyo ukutani tu, hulitia adabu. Kwa bomba la besi usiijaze hadi mdomoni. Kuta nazo huimba: gonga kwa kifundo cha kidole, na panapolia kama ngoma weka mbao ya kukazia, isikae katikati kabisa. Uzito si njia pekee. BBC, kwa spika yake ya LS3/5A ya miaka ya 1970, ilitumia plaiwudi nyembamba iliyobandikwa tabaka zito la kufyonza mtetemo, na boksi hilo dogo bado linasifiwa.

Kimya, na mvumo usioisha

Multimita kwenye nguzo za nyuma itasoma wufa tu, kwani kapasita inaizuia twita isionekane. Wufa ya ohm 8 husoma kama 5.5 hadi 6.5, ya ohm 4 kama 3 na kidogo. Kwa twita, fungua waya wake mmoja uipime yenyewe. Ikionyesha njia imekatika, koili imeungua, na kabla ya kununua nyingine jiulize kwa nini. Mara nyingi ni amplifaya ndogo iliyosukumwa mpaka ikakata mawimbi, na nguvu hiyo ya ziada ikaishia kwenye twita. Ikisoma vizuri lakini haitoi sauti, tafuta kiungo cha lehemu kilichopoa vibaya: uso wake ni wa kijivu, una mikunjo, na waya hucheza ukiuvuta.

Mvumo wa umeme unaosikika hata bila muziki hautokani na spika isiyo na amplifaya ndani. Achana na boksi, fuata waya za kuingiza sauti.

Ukisharidhika na spika moja, nakili kila kipuri kwenye ya pili, halafu uzipime zote mbili kwa zamu mahali pamoja, maikrofoni meta moja mbele ya twita. Programu ya bure ya kupima sauti kama REW (Room EQ Wizard) inatosha. Mistari ikiachana zaidi ya desibeli moja karibu na mpito, pima kapasita zako. Za elektroliti hutofautiana kwa asilimia 10 au zaidi na namba iliyoandikwa, kwa hiyo nunua zaidi ya unazohitaji na uchague jozi zinazolingana. Koili nazo ziangalie: mbili zilizokaa karibu karibu na kuelekea upande mmoja huambukizana, kwa hiyo laza moja, simamisha nyingine, zote mbali na sumaku ya wufa.